Maganda Arobaini ya Mzee Sebit

Baba mkwe wangu, Mzee Sebit, husafisha maganda ya risasi hapa Malukhu, Mbale. Klabu moja ya walenga shabaha, yenye kibali, huyatuma kutoka Jinja matupu na meusi, yeye huyang'arisha, wao wakayajaza upya. Mashine hana. Ana ndimu, sabuni, na magunzi ya mahindi yaliyotwangwa. Maganda yakishakauka juani, huyatia pamoja na magunzi ndani ya debe lililofungwa kwenye gurudumu la baiskeli, akapiga pedali asubuhi nzima. Siku ya kwanza kuyaona yakimwagika kutoka debeni, ilikuwa kama mwanga umemwagwa mkekani.

Mwezi huu tulisikia klabu imemjaribu mtu wa Jinja mwenye mashine. Mzee kazi nyingine hana.

Ijumaa aliloweka maganda arobaini kwenye maji ya ndimu, akaenda msikitini. "Mama Ridwan, ukimaliza kikombe kimoja cha chai, yatoe. Ndimu haina huruma."

Nikakaa kumnyonyesha mwanangu Ridwan. Usingizi ukatuchukua wote wawili.

Aliporudi, maganda yote arobaini yalikuwa na rangi ya waridi. Mimi niliona yamependeza. Yeye aliinua moja kwenye mwanga. "Shaba imekufa, imeliwa na ndimu. Likijazwa, litampasukia mtu usoni."

"Tukiyazungusha na magunzi, si yatarudi kuwa ya njano?"

"Yatarudi. Hiyo ndiyo hatari yake."

Akachukua nyundo. Akayaponda moja moja, bila hasira, kama mtu anayevunja karanga. Nililia kimya.

Jumamosi akaja Gaster wa klabu, akainua mfuko wa maganda safi. "Afande Sebit! Mfuko umekonda. Ramadhani bado, maganda yameshaanza kufunga?"

"Arobaini nimeyaharibu. Nilichelewa kuyatoa." Akamwonyesha yaliyopondwa.

Nilikuwa mlangoni. Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Mzee akanitazama. "Mama Ridwan, mletee mgeni chai."

Niliporudi na chai, Gaster alikuwa akigeuzageuza ganda lililopondwa.

"Yule wa mashine," akasema, "hajawahi kuturudishia hata moja bovu."

"Basi ni fundi."

"Au hatazami."

Akanywa chai yote. Kisha akaenda kwenye gari, akarudi na mfuko mpya, mzito, akauegemeza kwenye baiskeli.

Mzee alingoja gari liondoke. Halafu akanipa ndimu, mimi, nizikate.