Sindano ya Nusu Tangi

Mtaani walimwita Nusu Tangi, na jina alilipata kutokana na gari. Lilikuwa gari kuukuu la kusambazia mikate, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba, na sindano yake ya mafuta ililala katikati ya geji miaka sita bila kutikisika. Ujaze tangi mpaka limwagike, nusu. Likauke kau, nusu. Fundi alilifungua mara mbili, akabadilisha boya la ndani ya tangi, akafunga, sindano ikabaki pale pale. Mwishowe akanawa mikono, akasema, "Kaka, hii imekula kiapo. Tuiache na dini yake."

Taa ya kuonya nayo ilikuwa na ugonjwa wake: iliwaka tangu ufunguo unapoingia mpaka unapotoka, mafuta yawepo yasiwepo. Ikamchosha macho. Akaibandika utepe mweusi, wakawa hawaonani tena.

Kwa hiyo akawa na njia yake. Chini ya spidi palikuwa na vinamba vidogo vya kuhesabu kilomita, na kitufe pembeni cha kuvirudisha kwenye sifuri. Kila alipojaza tangi alikibonyeza. Vikifika mia tatu, anapiga kona kituoni hata kama mikate inapoa. Hakuhitaji kukumbuka alijaza jana au juzi, vinamba vilimkumbukia. Madereva wa magari mapya waliishiwa mafuta barabarani, yeye akawapita akipiga honi, tena honi ya madaha. Njia hiyo hakumfundisha mtu. Hata mkewe alijua tu kwamba mumewe ana jicho la mafuta. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya mji wa pili, mwendo wa saa moja na nusu, na dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa akimuuguza huko. Wiki ile madaktari walisema hali inatengemaa, huenda Jumapili akaruhusiwa. Nusu Tangi akaahidi kumfuata mwenyewe. Mama akacheka kwenye simu, akauliza kama atapangwa ndani ya kreti. Mwanawe akamwambia atakaa mbele, mikate ndiyo itakayomwamkia.

Ijumaa mchana, amejilaza baada ya mzunguko wake wa alfajiri, simu ikaita. Dada hakusalimu. Alisema tu, "Mama anakuulizia. Njoo sasa hivi, usibadilishe hata nguo."

Alitoka mbio hata hakuona kwamba gari linang'aa. Macho yakaenda kwenye vinamba kama yalivyozoea: sifuri tupu. Basi, akajiambia, alijaza asubuhi akirudi, kituo kile cha hapo karibu. Asubuhi zake zote zilifanana, akaona hana haja ya kubishana na vinamba. Akapita kituo cha kwanza. Akapita cha pili pale njia panda, ambacho hata foleni hakikuwa nayo, mhudumu kaegemea pampu anachokonoa meno.

Baada ya hapo hakuna kituo tena, ni mlima na mashamba. Katikati ya mlima gari likakohoa, likavuta, likakohoa tena, likanyamaza. Alidhani plagi. Akafungua boneti, akagusa nyaya moja moja, robo saa nzima ikaenda, maana kitu pekee ambacho hakukishuku kilikuwa mafuta. Ndipo akaweka sikio kwenye mdomo wa tangi na kulitikisa gari kwa bega. Hakusikia hata tone likicheza.

Alichukua dumu akateremka, nusu akitembea nusu akikimbia, mpaka lori likamsaidia hadi njia panda. Yule mhudumu akamjazia huku akimtania kwamba alivyomwona akipita kwa ile kasi, alidhani tangi lake halina kitako. Hakucheka. Kurudi ndiko kulikochukua muda, kwa kuwa watu hawapendi kumpakia mtu mwenye petroli mkononi.

Alipofika wodini jua lilikuwa bado halijazama, na kitanda cha mama kilikuwa tayari kimetandikwa shuka jingine. Dada alikaa kwenye benchi la nje, kandambili za mama ziko kwenye mfuko wa plastiki mapajani. Alimweleza taratibu, kama anayemweleza mtu baki, kwamba mama aliuliza mara nne. Mara ya mwisho alisema, basi mwambieni nilimsubiri.

"Ulikuwa wapi?"

"Mafuta yaliniishia, dada."

"Wewe? Wewe dereva?"

Msibani maneno yakazunguka pamoja na chai. Binamu mmoja alisema, kwa sauti ya makusudi, kwamba mtu asiyewahi kuchelewesha mkate wa jirani kaja kuchelewa kwa mama yake mzazi. Mwingine akaona huenda alipitia mahali. Nusu Tangi aliwasikia wote. Vinamba alikuwa na hakika navyo. Kumbukumbu yake ndiyo hakuwa na hakika nayo, na hili lilimtisha.

Siku ya tatu mkewe alikuwa uani akiosha vikombe, naye akivifuta. Mke akaanza kumlilia tena mkwewe. Miezi minne kabla ya hospitali ni yeye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha kwa kijiko.

"Na mimi nilivyomwandalia," akasema. "Ijumaa ile umelala, nikaliosha gari, Jumapili asije akakalia makombo. Nimefuta mpaka kwenye saa za mbele, na kile kidude cha pembeni, hadi namba zikajirudi zote sifuri. Nikasema haya, limekuwa jipya. Hata hakulipanda."

Kikombe kilisimama mkononi mwa mumewe. Alimtazama mkewe, macho yamemvimba, povu mpaka kwenye viwiko.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Povu," akasema. "Limekurukia shavuni." Akalifuta kwa kidole gumba.

Dada akatoka ndani na mkoba wake, anaondoka. Akasimama mbele ya mdogo wake, akasema anataka neno moja tu la kumtuliza roho. Ilikuwaje? Kuna kitu kiliharibika, kuna mtu alilichezea gari? Kama yupo amtaje, angalau ajue hasira yake aipeleke wapi.

Mke naye akaacha vikombe, akageuka kusikiliza.

"Hakuna mtu," akasema Nusu Tangi. "Nilisahau kujaza."

"Ulisahau."

"Nilisahau, dada."

Dada akamkumbatia wifi yake na povu lake, akaishukuru mikono ile kwa yote iliyomtendea mama. Kisha akampita mdogo wake kama anavyoipita nguzo ya umeme.

Mwaka umeisha. Simu za dada huja kwa wifi. Huulizia watoto, huulizia mvua, na ikipokelewa na sauti ya kiume, hukata. Mke jambo hilo linamuuma kuliko linavyomuuma mumewe, au ndivyo anavyodhani. Husema dada ana roho ya jiwe, mtu hawezi kuhukumiwa maisha yake yote kwa kusahau mafuta, na mara mbili ameshafunga safari aende akamwombee msamaha.

"Mwache," mumewe humwambia. "Ana haki yake."

Halafu hutoka kwenda kupakia mikate.