Mama mkwe wangu aligoma kunywa maji pale stesheni ya Kolwezi, na kila niliyemuuliza alinijibu kwa mafumbo

Wakuu, wanaostahili shikamoo nawapa, wengine mambo vipi.

Jana nimesoma mlivyokuwa mnacheka humu kuhusu majina ya kwenda chooni. Kuchimba dawa, kukata gogo, haja ndogo, haja kubwa. Nimecheka na mimi. Halafu kuna kitu kikanirudia.

Naandika, na hii siyo chai. Mke wangu amekaa hapa pembeni anachambua mboga, nikiongeza chumvi atanirekebisha.

Mimi ni Mkongo, niko Tunduma miaka mingi, kazi yangu ni clearing ya mizigo hapa mpakani. Asili yetu ni kaskazini mwa Katanga, ila nimezaliwa na kukulia Kolwezi, mtaa wa Manika. Kwa hiyo Kiswahili changu kikipinda, mnivumilie.

By the way, hiyo "kuchimba dawa" ilinitesa nilipofika Tanzania. Basi limesimama porini, konda anaita "wa kuchimba dawa washuke!" Nikamuuliza jirani yangu, ni dawa ya ugonjwa gani hiyo inayochimbwa na abiria wote? Alinitazama kama mgonjwa.

Sasa turudi Kolwezi.

Ni miaka ile nchi bado inaitwa Zaire. Mgodi umeporomoka, mshahara tunausikia tu kwenye hadithi, mashine za shimo la shaba la Mashamba zimesimama. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Nilikuwa nimeoa binti mmoja anaitwa Kapinga, familia yao ni watu wa Kasai. Babu yake ndiye aliyeletwa kuchimba shaba.

Wanasiasa wakaanza kusema watu wa Kasai warudi kwao.

Warudi! Mama yake Kapinga alizaliwa Kolwezi, akaolewa Kolwezi, akamzika mumewe Kolwezi. Kasai alikuwa anaisikia tu kwa wazee. Lakini ndivyo walivyokuwa wanasema kwa adabu, "wanarudi". Mtu anatolewa nyumbani kwa mapanga, mlango unang'olewa, na jirani anakuambia kwa sauti ya upole kwamba yule amerudi kwao.

Mimi sikufukuzwa. Mimi ni wa pale. Ila mke na watoto wangu wawili walihesabiwa ni wa kule, basi nikafunga vitu vyangu nikawafuata stesheni.

Stesheni ilikuwa imegeuka mji. Watu wanaishi chini ya maturubai, wanapika, wanazaa, wanazika. Treni haina ratiba, inakuja ikitaka.

Ilipokuja ya kwetu, ikawa vurugu. Kapinga nilimpitisha dirishani na watoto wote wawili. Kugeuka nimchukue mama yake, watu wametusukuma nyuma, treni inaondoka. Kapinga ametoa kichwa dirishani analia: "Usimuache mama! Unasikia? Usimuache mama!"

Nikamjibu simuachi. Hilo neno mlishike, ndilo limenifanya niandike.

Sasa hapa lazima nieleze jambo. Kwetu, na kwao pia, mwanaume na mama mkwe wake ni watu wa kupishana mbali. Hamli pamoja. Hamtazamani usoni. Hatamki jina lako. Akiwa na shida anamwambia binti yake, binti anakuambia wewe. Ni heshima, siyo chuki.

Na binti ndiye huyo ameondoka na treni.

Kwa hiyo tumebaki mimi, mama mkwe na mizigo. Mama kajifunika kitenge kichwani, kanipa mgongo. Jirani yetu pale stesheni alikuwa mama mmoja wa Kasai anaitwa Mama Ngalula, alikuwa anauza ndizi soko la Manika, mdomo wake nilikuwa naujua toka zamani. Huyo ndiye akawa anatupitishia maneno.

Nikajiambia, mzee, huyu mama ni amana. Nikatafuta sehemu nzuri ya kulinda. Kulikuwa na ukuta wa ghala, na pembeni yake kijia chembamba kinachoelekea nyuma. Nikatandika mkeka pale pale kwenye mdomo wa kijia. Mgongo una ukuta, mbele naona mizigo yote, mwizi hanipiti. Usiku silali, nakaa macho. Kila anayepita namsalimia, bonjour mama, bonjour tata, yaani baba, ili ajue nimemwona.

Nilijiona mkwe wa mfano, aisee.

Siku ya pili, Mama Ngalula akanijia. "Tata mukwe, hapa jua inapiga sana. Kule ku ile muti kuko kivuli."

Nikamwambia jua silo tatizo langu.

Siku ya tatu amerudi. "Tata, hapa upepo iko mubaya. Sogeza mukeka yako kidogo."

Hapo nikapandisha hasira. Pale stesheni watu walikuwa wanagombania nafasi mpaka kutoana damu, na mimi nikajua huyu mama anaitaka sehemu yangu. Nikamwambia, "Mama Ngalula, mi siondoki hapa. Upepo ikiwa mubaya, ufunge pua."

Akatikisa kichwa akaenda zake.

Wakati huo huo mama mkwe alikuwa hanywi maji. Nachota bombani, nampa Mama Ngalula, anampelekea, kikombe kinarudi kimejaa. Chakula hivyo hivyo. Namuuliza Mama Ngalula, "Mama anakatala mayi, juu ya nini?"

"Mama eko na mawazo."

Nikamuuliza mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa karibu nasi. Akaangalia pembeni, akasema, "Njia ni ngumu kwa mama." Njia gani? Tumekaa tu hapa!

Nikachanganyikiwa kweli. Nikawaza labda anadhani nitamwekea sumu, mimi Mkatanga. Wazo hilo lilinichoma sana. Nikaanza kunywa kwanza mimi, kwa sauti, kila mtu aone, ndipo nitume kikombe. Bado kinarudi kimejaa.

Siku ya nne mama akaanguka.

Midomo imepasuka, macho yameingia ndani, anaongea maneno hayaeleweki. Nikakimbia kumtafuta muuguzi. Kulikuwa na Mzungu mmoja kijana wa shirika la misaada, anajua Kifaransa tu. Mama mkwe Kifaransa hajui, Mama Ngalula anajua bonjour na bei ya ndizi. Nikabaki mimi wa kutafsiri.

Muuguzi akampima, akambana ngozi ya mkono, akanigeukia. Akauliza kwa Kifaransa kikavu: anakojoa mara ngapi kwa siku?

Wakuu!

Niulize hilo? Mimi? Mama mkwe?

Nikatafuta neno. Kiswahili cha Kolwezi tunasema mtu anaenda inje, lakini hata hilo huliambii mama mkwe. Kitshiluba, lugha ya Kasai, nilichokijua ni cha uwanja wa mpira, maneno yake nikiyasema hapa mods watanipiga ban. Kifaransa kina maneno ya adabu kabisa, wanasema "kona ndogo", ila hicho mama hakijui. Lugha tatu kichwani na hakuna hata neno moja la kutoa!

Muuguzi anaangalia saa. Foleni ya wagonjwa ipo nyuma yake.

Ikabidi nimwombe Mama Ngalula aulize. Na yeye, mwanamke mwenye mdomo ule wote, akainamisha uso. "Mbele yako? Mi siwezi, tata."

Nikaona mama anakufa hivi hivi.

Nikageuka, nikampa mgongo. Mbele yangu kulikuwa na sufuria yetu ya ugali, nyeusi, mpini mmoja umekatika. Nikaongea na sufuria.

"Wewe sufuria. Umuulize mama, kwa siku anaenda inje mara ngapi."

Watu wote wakanigeukia. Muuguzi ananitazama, najua anafikiri na mimi nimeugua.

Nikasikia sauti nyembamba nyuma yangu: "Sufuria, umuambie mukwe. Mara moja. Wakati eko anaenda bomba."

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa. Nikamtafsiria muuguzi neno kwa neno: mara moja, mimi nikiwa nimekwenda bombani. Naye akauliza swali la maana: kwa nini akusubiri uende bombani?

"Sufuria, umuulize mama, juu ya nini?"

Mama akavuta kitenge usoni. Akaanza kulia.

Ndipo Mama Ngalula akapasuka. "Juu ya wewe! Wewe! Umelala mu njia ya choo siku ine! Batu bote banapita pale, na wewe unabasalimia, bonjour, bonjour! Mama akojoe namna gani, mukwe anamusalimia? Njo maana anakatala mayi!"

Kile kijia, wakuu. Kile kijia kilikuwa kinaelekea kwenye shimo la choo, nyuma ya ghala. Mimi nilikuwa natumia kichaka cha ng'ambo ya reli na wanaume wenzangu, sikuwahi hata kujiuliza wale watu wanakwenda wapi. Nilidhani wana jamaa zao kule nyuma!

Watu walicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Siku nne yule mama alikuwa anajikausha taratibu ili nisimwone anapita, na mimi nimekaa pale najisifia.

Muuguzi akamtundikia dripu, akatuachia vipakiti vya chumvi ya kuchanganya na maji. Akasema figo zimechoka, anywe sana, kila saa, la sivyo atakufa.

Nilihamisha mkeka ng'ambo ya reli siku ile ile. Mama akaanza kunywa. Mama Ngalula akawa ananipungia leso kutoka mbali, maana yake kikombe kimerudi kitupu.

Siku chache baadaye treni ikaja. Mabehewa ya mizigo, yale ya kufunga na mlango wa chuma. Mama nikamnyanyua mimi mwenyewe kumpandisha, mikono yangu hii, na hilo nalo ni mwiko, lakini nani angenisaidia? Mama Ngalula akapanda, mizigo ikapanda, na mimi nikapanda.

Ndani tumebanana. Pembeni kuna ndoo moja na kipande cha kitenge kimening'inizwa. Hicho ndicho choo cha behewa zima, mpaka Tenke, mpaka Kamina, mpaka Kasai, siku nyingi. Na kitenge chenyewe hata magoti hakifichi.

Mama Ngalula akampa mama kikombe. Mama akakiangalia, akaiangalia ndoo, akafunga mdomo, akajifunika kichwa.

Nikasikia kichwani sauti ya Kapinga: usimuache mama.

Filimbi ikalia. Nikasimama, nikamwambia Mama Ngalula, "Munyweshe," nikaruka chini.

Watu behewani wakapiga kelele. "Mukatanga anarudi kwao! Nilisema mi!" Mama mkwe hakugeuka.

Nilikaa pale stesheni wiki tatu nikisubiri nyingine. Jamaa zangu wa Manika walinijia, wanasema mke si amesharudi kwao, kaa, oa mwingine. Sitawadanganya, kuna jioni nilikosa nguvu kabisa nikakaribia kuwasikiliza. Sikujua kama mama alifika mzima. Na akiwa amekufa, Kapinga nitamwambia nini?

Ikaja treni nyingine, nikafika Mwene-Ditu, mji wa Kasai walikoshushwa watu, nimekonda, nanuka, nauliza watu mlango kwa mlango. Nikamkuta Kapinga nje ya kibanda cha turubai anafua. Hakunikimbilia.

"Mama ulimuacha na nani?"

Nikauliza, "Mama yuko?"

"Mi nakuuliza wewe! Uliniahidi. Ulishuka mu treni, batu bote balikuona. Namuuliza mama, mume wangu alishuka juu ya nini, anasema tu: alishuka. Kila siku: alishuka."

Ningemjibuje, na mama yake yuko ndani anasikia? Kapinga akainama kwenye beseni lake, akasema nirudi nilikotoka.

Pazia la kibanda likafunguka. Mama mkwe akatoka, bila kitenge kichwani. Ana kikombe cha bati mkononi.

Akaja akasimama mbele yangu. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Akanywa yale maji yote, taratibu, mpaka tone la mwisho, mbele yangu.

Akamgeukia Kapinga. "Ilunga alishuka juu mi nikojoe."

Alitaja jina langu. Na lile neno akalisema hivyo hivyo lilivyo, halijavikwa chochote, majirani wote wanasikia.

Kapinga akakaa chini kwenye maji ya sabuni akalia. Na mimi nikalia, nisijifanye mwanaume hapa.

Mama aliishi miaka mingine mingi. Tukarudi kwenye heshima yetu, anajifunika, ananipa mgongo, ujumbe unapita kwa Kapinga. Jina langu hakulitaja tena mpaka anakufa. Ile sufuria ya mpini mmoja tunayo mpaka leo, mke wangu amegoma kuitupa.

Nilichojifunza? Hata sijui kama nimejifunza sawasawa. Adabu naipenda, nimelelewa nayo, na binti zangu nimewalea nayo. Ila ukiona mtu mzima anakataa maji, achana na majina mazuri, uliza moja kwa moja. Ukishindwa, tafuta sufuria.

Haya, wanaotaka kunirushia mawe warushe, na wale wa "mkuu ulikuwa mjinga kweli hukujua njia ya choo" najua mpo, nawasubiri. Lakini kwanza niambieni, kwenu mama mkwe akitaka kwenda, anakwambiaje? Kwetu hakukuwa na namna ya kusema kabisa, na wote pale stesheni walijua isipokuwa mimi.