Mashine ya Maji na Nahodha Aliyekufa kwa Kiu

Mwezi uliopita nilipita mji wa Katesh, nikakuta ghala la mfanyabiashara mmoja wa zamani limebomolewa. Nilisimama pale kidogo, rafiki yangu, maana ndani ya ghala hilo, enzi za Mwingereza, niliona sinema yangu ya kwanza.

Gari la sinema lilifika mchana. Mfanyabiashara akasogeza magunia ya maharage, akaziba madirisha kwa ngozi za ng'ombe, nasi tukakaa chini, harufu ya ngozi na mafuta ya taa ikitukaba koo. Mzee mmoja mwenye kipaza sauti alitutafsiria. Watu walipanda chombo kinachotema moto mkiani, wakaenda mwezini. Huko walikuwa na mashine ndogo kama kigoda. Ukiiweka juu ya jiwe kavu, inatoa maji.

Mimi nilikuwa binti wa kuchota maji. Kila alfajiri nilimswaga punda wa bibi hadi kisimani, nikarudi jua limepanda, ndipo nile ugali wa mtama na maziwa ya mgando, kisha nikimbilie shule. Mashine ile niliitazama mpaka machozi yakanitoka.

Mwisho wa sinema, nahodha wa chombo alikufa kwa kiu.

Kesho yake mwalimu wetu alicheka darasani. "Mashine ya maji iko mlangoni, na mtu anakufa kwa kiu. Sinema ya kijinga. Nani anabisha?"

Nikasimama. "Mimi, mwalimu. Hadithi ni mbovu, nakubali. Hata yule mchumba wa nahodha aliyejificha chomboni, hatukuambiwa alikula nini. Lakini mashine si mbovu."

"Hadithi ikioza, kila kilichomo kimeoza."

"Aliyeitunga aliisahau mashine, mwalimu. Mimi sijaisahau."

 Mwalimu akanipa chaki, niandike ubaoni: Sinema ile haina maana.  Nikaandika: Hadithi ile haina maana. Nikairudisha chaki mezani. Kwa neno moja hilo nilimwagilia bustani ya shule wiki nzima, ndoo kichwani, wenzangu wakiniita Mke wa Nahodha. Sikulifuta.

Bibi, ambaye hakuwahi kuona sinema, aliniuliza habari yote jioni tukikamua. Alisikiliza bila kucheka.

"Huyo nahodha alikuwa mpumbavu," akasema. "Lakini hicho kigoda kingenywesha ng'ombe wangapi kwa siku?"

Sikujua. Tukakadiria pamoja mpaka kibuyu kikajaa. Katika watu wote niliowasimulia, ni yeye tu aliyeuliza swali hilo.

Sasa bibi hayupo, mwalimu hayupo, na sijakutana na mtu mwingine aliyeiona sinema ile. Jina la sinema yenyewe silijui. Wajukuu zangu hutazama za kwao kwenye simu, wakichambua makosa ya hadithi kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele, kisha wanamwaga mchele wote. Nawaambia, mawe tupeni. Mchele niachieni mimi.