Njiwa wa Sekunde Arobaini

Mtaani walimwita Bwana Menyu, na yeye, kwa kukosa aibu, alilipokea jina hilo kama cheo. Alikuwa na chumba kimoja chembamba kati ya fundi cherehani na mchonga funguo, na humo ndani aligeuza kanda za watu kuwa diski: harusi, mahafali, mtoto anakata keki huku analia. Kazi ya heshima, mtu angesema. Lakini filamu zenyewe hakuzijali hata chembe. Alizitupia kwenye diski vilevile zilivyokuja, pamoja na kisogo cha mpita njia kilichomziba bibi harusi. Alichokijali ni menyu, ule ukurasa wa mwanzo, unaotokea ukitia diski kwenye deki, wenye vitufe vya kuchagua: Sherehe Yote, Hotuba, Keki, Picha. Hapo ndipo alipomalizia macho yake.

Na hivyo vitufe basi, jamani! Vilizunguka, vilimetameta, vingine viliwaka moto pembeni. Kabla havijatokea ilibidi malango mawili ya dhahabu yafunguke, kisha njiwa weupe kumi na wawili waruke kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, mmoja mmoja, sekunde arobaini nzima. Na kwa kuwa alijua watu walivyo na papara, aliwafunga njiwa wake kwa ufundi: ukibonyeza kuruka mbele, deki inakataa. Utawatazama upende usipende.

"Hivi kwako mgeni anapiga hodi mara ngapi ndiyo aone sebule?" fundi cherehani alimuuliza siku moja. Huyo alikuwa mama mtu mzima, na mdomo wake haukuwa na breki. "Harusi ya mwanangu nimeingoja mpaka chai imepoa."

"Wewe shona," alimjibu. "Haya mambo yana wenyewe."

Kwake yeye kila mtu alikuwa mshamba. Mteja aliyesema "niwekee tu kwenye diski" alikuwa mshamba. Aliyetaka video yake iwekwe kwenye simu, huyo hata kiti hakukaribishwa. Akiingia mtu anayejua anachokitaka, Bwana Menyu alivuta mdomo, akamgeuzia skrini na kumwonyesha njiwa.

Sasa mtu huyu alikuwa na mama. Mama aliishi peke yake, vyumba viwili, ghorofa ya pili, tangu alipofiwa na mumewe aliyekuwa msoma mita za maji. Siku moja alikuja dukani kwa miguu yake, kanda ameizungushia mifuko miwili ya plastiki. Ilikuwa ya siku mzee alipostaafu, kwenye ukumbi wa ofisi ya maji. Karani mmoja wa pale ndiye aliyerekodi. Deki ya kanda ilikwishakufa zamani, na nyumbani ilibaki hii ya diski.

"Humu baba yako anatoa hotuba," mama alisema. "Niwekee nimsikie. Sura yake ninayo, picha zimejaa ukutani. Sauti ndiyo inanitoka, mwanangu, naitafuta siipati. Na masikio yenyewe ndiyo haya, la kushoto limeshaaga, la kulia linafungasha. Nifanyie haraka."

"Mama, mimi silipui kazi."

Miezi minne! Hotuba ilikuwa dakika tatu, na kanda nzima kuihamishia kwenye diski ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Miezi minne aliimalizia kwenye herufi. Alijaribu za dhahabu, akaona zinamshushia hadhi. Akajaribu za fedha, akazitia kivuli, akakiondoa kivuli, akakirudisha. Kisha akakata kipande cha sekunde ishirini na tano: baba anasimama, anavuta koti, anasafisha koo, anafungua mdomo. Akakipachika katikati ya menyu ndani ya fremu ya maua, kiwe kinajirudia chenyewe, na chini yake akaweka muziki wa kinanda. Hotuba yenyewe hakuisikiliza hata mara moja. Alifanya kazi akiwa amezima sauti, eti maneno ya watu yanamvurugia rangi.

Alipoipeleka diski, aliitia mwenyewe kwenye deki. Njiwa wakaruka, baba akatokea ndani ya maua, na mama akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mtu mwenye utu angevuta kiti akakaa. Yeye alikuwa na mteja anamngoja. Alimnyang'anya mama rimoti, akaiweka juu ya kabati, akamwambia kwa ile sauti yake ya kufundisha wajinga:

"Wewe tia diski, kaa, tazama. Usibonyeze kitu chochote, umesikia? Vidole vyenu nyinyi wazee ndivyo vinavyoharibu."

"Sawa, mwanangu," alisema mama, macho kwa mumewe.

Wiki ya pili akampigia simu kutaka sifa zake.

"Nzuri sana," mama alisema. "Fupi, lakini nzuri."

Fupi! Bwana Menyu alikata simu amevimba. Diski ya saa moja na nusu, vitufe sita, halafu mtu anakwambia fupi! Akatoka mlangoni kumsimulia fundi cherehani jinsi wazee wasivyokuwa na jicho la kazi.

"Ulikaa ukaitazama naye?" fundi cherehani aliuliza, pini mdomoni.

"Nina kazi mimi."

"Haya."

Ikapita miezi kumi. Kwa mama alikuwa akienda, asije mtu akasema haendi, lakini aliishia mlangoni. Anaacha mfuko wa unga, anauliza hali, anasikia "eeh?" mara mbili tatu, anachoka, anashuka ngazi. Alilalamika kwa watu kwamba mama siku hizi bila kupigiwa makelele hamwelewi mtu. Kuchoka na mama yako kwa sababu ya "eeh" tatu, ebo!

Mchana mmoja mvua kubwa ikamkuta pale mlangoni, ikambidi aingie ndani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kimesogezwa mpaka magoti yanakaribia kugusa televisheni, na diski inazunguka. Malango yakafunguka. Njiwa wakapita. Baba akasimama, akavuta koti, akasafisha koo, akafungua mdomo. Kinanda. Baba akasimama, akavuta koti, akasafisha koo, akafungua mdomo. Bwana Menyu alingoja mama achague kitufe. Baba alisimama mara ya tano, akasimama mara ya sita, na mama ametulia tu, mikono mapajani.

"Mama, mbona hufungui filamu?"

"Eeh?"

"Filamu! Mbona hufungui?"

"Si ndiyo hii?" Mama alimshangaa. "Kila siku nikishakula natazama. Ina kasoro moja tu, kila akitaka kusema anakatwa. Nikasema labda ndivyo ilivyokuwa kwenye kanda. Na kinanda siku za mwanzo nilikuwa nakisikia, sasa nacho kimepotea."

"Kwa nini hukubonyeza?"

"Si ulinikataza?"

Rimoti ilikuwa palepale juu ya kabati, imevaa vumbi la miezi kumi. Hakuna mkono mwingine ulioigusa. Yule mtaalamu, bingwa wa vitufe, alibonyeza kimakosa mara mbili kabla hajaipata Hotuba. Aliona aibu, na alistahili kuiona.

Na baba akasema. Sauti ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyezoea kuita nje ya mageti. Mama akainama mbele.

"Ongeza," alisema. Akaongeza. "Ongeza bwana." Akaongeza mpaka mwisho, vioo vya kabati vikatikisika, jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Mama alitikisa kichwa, akamgeukia.

"Anasema nini?"

Basi mtu mzima akapiga magoti kando ya sikio la kulia, lile lililokuwa likifungasha, akaanza kupayuka.

"Anasema amesoma mita miaka thelathini na mmoja! Anasema ameumwa na mbwa saba, na wenye mbwa wote walimwambia hang'ati!"

Mama alicheka. Bwana Menyu naye ndiyo kwanza anayasikia hayo, na alikuwa ameikalia kanda ile miezi minne. Baba akamshukuru dereva, akamshukuru karani, akamshukuru mpika chai. Mwana alingoja zamu yake. Haikufika.

"Anasema nyumbani ana mtu mmoja ambaye hajawahi kuhitaji kuambiwa jambo mara mbili!"

"Eeh?"

"Hajawahi kuhitaji kuambiwa jambo mara mbili!"

"Rudia."

Alirudia kwa nguvu zaidi. Mama alimsikiliza kwa kumkazia macho, kisha akamsukuma bega taratibu.

"Wewe unafoka," alisema. "Yeye hakuwa mtu wa kufoka. Irudishe, nimtazame mdomo. Mdomo wake nitausoma."

Lakini hotuba ilikuwa imekwisha, na ikiisha diski inarudi mwanzo kabisa, kama alivyoiagiza mwenyewe. Malango ya dhahabu yakaanza kufunguka. Alibonyeza kuruka mbele, deki ikakataa. Akabonyeza tena kwa kidole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe, ikakataa. Njiwa wa kwanza akajitokeza kushoto, hana haraka ya kwenda popote.

"Na hawa ndege," mama aliuliza, "ni wa nini?"

Alibonyeza tena. Walikuwa wamebaki kumi na mmoja.