Kusimama Mbele ya Baba Mkwe

Mume wangu alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko mshahara wake. Mara ya kwanza aliponipeleka kwao Mbamba Bay, nikiwa bibi harusi, niliingia ziwani hadi magotini, wimbi likanigusa, nikapiga ukelele na kukimbia hadi jikoni kwa mama mkwe. Kwa miaka kumi na miwili aliisimulia Songea nzima: kwenye sherehe za kipaimara, misibani, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Mfaranyaki. Mabinti zetu wawili wakaanza kuiigiza. Mimi nimekulia Matogoro, maji niliyoyazoea yanaenea kwenye ndoo. Lakini kuchekwa na watoto niliowazaa kuliniuma kwelikweli.

Basi likizo moja ya Agosti, tukiwa kwao tena, nikamwekea masharti. Nikisimama juu ya wimbi kama watu wa kwao, hadithi inakufa. Nikishindwa, aisimulie hata siku ya mazishi yangu. Alicheka mpaka akakohoa.

Mwalimu wangu alikuwa wifi yangu, dada yake mkubwa. Alinipa ubao wa mtumbwi uliopasuka. Unaulalia kifudifudi, unangoja wimbi, unapiga maji kwa mikono, likikubeba unasimama. Nilivaa suruali ya kiume ya mtumba. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa juzijuzi, na wengi wetu mjini tulikuwa tunavaa nguo za Wazungu wanene. Siku ya kwanza suruali ilijaa maji ikaenda njia yake, nami nikaenda yangu.

Siku ya nne niliweza kupiga magoti juu ya ubao.

“Hapo unasali, wifi,” akasema. “Simama!”

Siku ya tano ilikuwa ya mwisho, lori la kurudi lingeondoka mchana. Mume wangu na mabinti walikuja ufukweni kutazama. Wimbi likanibeba, nikainuka, na kabla sijanyooka nikamwona baba mkwe anashuka na fimbo yake. Kwetu Wangoni, mke hasimami mbele ya baba mkwe. Sikufikiri. Nikapiga magoti palepale juu ya wimbi.

“Shikamoo, baba!”

Ubao ukazama, nami nikaufuata.

“Haihesabiki!” mume wangu alipiga makofi. “Hakunyooka!”

Nilitoka nikatambaa mchangani, nikalia kwa hasira. Mzee aliuliza kuna nini, wifi akamweleza yote, na hadithi yenyewe akaitaja. Mzee alimtazama mwanawe, akanitazama mimi nilivyopiga magoti, suruali nimeishika kwa mkono. Kisha akaligeuzia ziwa mgongo, akatazama milimani.

“Rudi majini, mkamwana. Mimi sikuoni.”

Nikarudi. Wimbi la kwanza lilinipita. La pili likanimwaga, nikanywa ziwa. Mzee hakugeuka. La tatu likanibeba, nikasimama, magoti yamenyooka, mabinti zangu wakishangilia, mpaka likanishusha mchangani kwa miguu yangu miwili.

“Amesimama?” mzee aliuliza, bado ametazama milimani.

Wifi alifungua kinywa.

“Sikuulizi wewe. Namuuliza mwenye hadithi.”

Mume wangu alikuna shingo. “Amesimama, baba.”

“Sema kwa nguvu. Upepo ni mkali.”

“Amesimama!” akapaza sauti, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakageuka wote kunitazama.