Kumsindikiza Mgeni Juu ya Tuta

Mama yangu alifika Fort Worth mwaka 2017 akiwa na sanduku moja, rozari, na magoti yaliyozoea milima. Kwao Burundi, na baadaye kambini Kigoma tulikoishi miaka mingi, alitembea kutwa na hakuna aliyeyaita mazoezi. Hapa Texas alikuta kila safari inaanzia na kuishia ndani ya gari. Kanisani gari, sokoni gari. Hata kutupa takataka, tulikuwa na jirani aliyekwenda kwa gari mpaka kwenye pipa. Baada ya mwaka mmoja wa kukaa kwenye kochi, magoti yakaanza kukaza kama bawaba za mlango usiofunguliwa.

Daktari akamwambia atembee nusu saa kila siku. Mimi nilikuwa nafanya kazi ghalani zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi nilikuwa na nafasi. Karibu na kwetu unapita mto Trinity, na kando yake kuna tuta refu la udongo lililopandwa majani, lililojengwa ili mto ukifura usiingie mjini. Juu yake pana njia ya saruji, pana na tambarare, haina jiwe wala utelezi. Nikaona kazi ni nyepesi.

"Tunaenda wapi?" Mama akauliza.

"Hatuendi mahali, Mama. Tunatembea tu, halafu tunarudi."

"Kumwona nani?"

"Hatumwoni mtu."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mtu anayetoka asubuhi, akaenda kusikojulikana, akarudi mikono mitupu, kwetu alifungwa kamba na kupelekwa kuombewa."

Siku ya kwanza alikubali ili nisijisikie vibaya. Tulipofika juu ya tuta tukapitwa na mwanamume anayekimbia, jasho linamchuruzika.

"Anakimbia nini yule?"

"Anafanya mazoezi."

Nyuma yake akaja mwanamke, naye mbio. "Acha uongo," Mama akasema. "Mke wake huyo. Kuna kitu amemfanya."

Waendesha baiskeli walitusalimia wakipita, na Mama aliposimama kuwajibu inavyopasa, habari za nyumbani, habari za watoto, wao walikuwa wameshavuka daraja. Aliudhika, akageuza. Tulikuwa tumetembea dakika kumi.

Mambo yangeishia hapo kama si Mama Mdogo.

Mama Mdogo ni kitinda mimba wa kwao. Walipokimbia vita, Mama ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka vilima. Njiani wakatenganishwa: Mama akafika Tanzania, mdogo wake akachukuliwa na ndugu wengine mpaka nchi nyingine, na mwishowe akapelekwa Uholanzi. Kwa miaka yote hiyo walijuana kwa sauti ya simu. Sasa Mama alikuwa amepata hati ya kusafiria, na tulipanga aende kumwona kiangazi cha 2019.

Ila Mama Mdogo hana gari. Anakaa shambani, na basi linamshushia kwenye tuta la mfereji. Kutoka hapo mpaka mlangoni kwake ni mwendo wa saa nzima kwa miguu.

"Nitamwomba jirani aje na gari," alituambia.

Mama akakataa katakata. "Huyu nilimbeba mimi. Leo nifike kwake nimepakiwa kama gunia la muhogo? Atalia badala ya kufurahi. Nitaingia kwa miguu yangu."

Kwa hiyo shabaha ilikuwepo: saa nzima, juu ya tuta, bila kubebwa. Lakini kutembea bure bado aliona ni aibu, nami sikujua nifanye nini.

Jibu lilikuja Jumapili moja, na halikutoka kwangu. Alitutembelea mama mmoja wa Bukavu, mfuaji wa mashuka hotelini, anayekaa ng'ambo ya daraja. Alipoaga, nikachukua funguo za gari ili nimrudishe. Mama akanivuta kando.

"Nani kakufundisha kumfukuza mgeni?"

"Simfukuzi, nampeleka kwake."

"Mgeni anasindikizwa. Ukimpakia garini, dakika tano umemtua. Hiyo ni kumtupa." Akavaa kandambili zake, wakatoka.

Nilisimama kibarazani nikiwatazama wanavyopanda tuta polepole, vitenge viwili vikipepea. Walipofika darajani wakasimama, wakaongea sana, kisha wakaanza kurudi wote wawili. Yule mgeni hakuweza kumwacha mzee arudi peke yake. Walipofika mlangoni kwetu, Mama hakuweza kumwacha mgeni aende peke yake. Wakaondoka tena. Mama wa Bukavu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, akimwita dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao: "Weye yaya weye! Tutalala njiani leo!"

Niliangalia saa. Mama alikuwa ametembea zaidi ya nusu saa bila kulalamika hata mara moja.

Kama na wewe una mzazi anayekataa mazoezi, usikimbilie kumnunulia viatu. Mtafutie mgeni.

Nikaenda kumwomba yule mama aje asubuhi zake za mapumziko. "Ah, hiyo iko rahisi," akasema, na akaja kweli. Mara ya tatu Mama akamkabidhi fungu la lengalenga, ule mchicha wa kwetu, alioupanda kwenye ndoo pale kibarazani. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sina. Chukua mboga, ukapike." Kuanzia hapo hakuwa mgeni tena, lakini kumsindikiza kuliendelea.

Mama hakutaka habari za saa wala za simu inayohesabu hatua. Alipima njia kwa rozari. Kutoka kwetu mpaka darajani ilikuwa rozari moja kamili, bila haraka. Mwenzake, ambaye ni mlokole, aliimba mapambio kwa sauti ya chini huku Mama akisali, na hakuna aliyemwambia mwenziwe anakosea. Mimi nilifuata nyuma na chupa ya maji. Nilijifunza kwamba kwenye nchi tambarare mtu huchoka macho kabla ya miguu, kwa sababu anakokwenda anakuona tangu mwanzo na hakukaribii. Basi nilimwambia Mama asitazame majengo marefu ya mjini kule mbele. Atazame kitu cha karibu: kobe walioanika migongo juu ya gogo, yangeyange mweupe aliyesimama majini, kisha nguzo inayofuata, kisha benchi. Kwenye benchi tulikaa. Kukaa si kushindwa.

Siku nyingine tulimpigia Mama Mdogo. Saa moja asubuhi kwetu ilikuwa saa nane mchana kwao, naye alikuwa anatembea juu ya tuta lake, ameelekeza simu mbele ili tuone. Upande mmoja mfereji uliojaa maji mpaka ukingoni. Upande wa pili, chini kabisa, mashamba ya kijani yaliyokatwa na mitaro iliyonyooka, ng'ombe weusi na weupe, na kondoo waliolala njiani wasiotaka kupisha.

"Hapa chini palikuwa ziwa, Dada," Mama Mdogo alieleza. "Wakazungushia tuta, wakavuta maji kwa pampu mpaka pakakauka. Hata leo pampu zikizimwa, maji yatarudi."

Mama akasimama. "Na samaki walikwenda wapi?"

"Sijui. Waliliwa, nadhani."

"Nyumba yako iko wapi?"

Simu ikageuka: paa jekundu, chini, na juu yake mashua ikipita mferejini.

"Mashua inapita juu ya paa lako, na wewe unalala usingizi?"

"Nalala mpaka nakoroma, Dada. Njoo usikie."

Nilimweleza Mama kwamba tuta la kule na hili tulilosimama ni ndugu, kila moja limeambiwa lisimame kati ya maji na watu. Akalikanyaga mara mbili kwa kisigino, kama mtu anayepima ukuta kabla ya kununua nyumba, akaridhika.

Mwezi wa tatu mama wa Bukavu akaugua mafua makali. Niliporudi kutoka kazini usiku nilimwambia Mama kwamba kesho tupumzike, hakuna wa kumsindikiza. Asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa na sufuria ya uji haipo. Nikapanda tuta mbio, kwa mara ya kwanza nami nikiwa na kitu cha kunikimbiza. Nilimkuta anarudi, peke yake, sufuria tupu mkononi, rozari imezungushwa kwenye kidole.

"Mgonjwa anajuliwa hali," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Mama, umekwenda na kurudi peke yako?"

"Rozari tatu. Na kwenye uji nimesahau sukari." Akanipa sufuria niibebe, akatangulia. Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua, sukari.

Kwenye uwanja wa ndege, mwezi wa sita, walimletea kiti cha magurudumu. Kijana mwenye kiti alimwonyesha kwa mikono akae. Mama akamshukuru, akaweka begi lake kitini, na wakaondoka hivyo: kijana anasukuma begi, Mama anatembea kando yake, kadi yenye anwani ya mdogo wake ikining'inia shingoni. Nilicheka peke yangu mpaka kwenye maegesho, kisha nikalia kidogo.

Kesho yake ikaja video. Tuta, upepo, kondoo. Mama anatembea katikati ya njia, polepole, midomo inacheza. Mama Mdogo ndiye aliyeshika simu, na picha inatikisika kwa sababu analia na kucheka. "Dada, pumzika basi." Mama hakujibu mpaka alipomaliza lile kumi la mwisho la sala zake. Kisha akaonyesha paa jekundu kwa rozari. "Ni pale?"

"Ni pale."

"Basi twende. Nitapumzikia ndani."

Wiki moja baadaye nilikuwa juu ya tuta letu na mama wa Bukavu, ambaye sasa alikuwa ananisindikiza mimi. Saa nne asubuhi simu ikalia. Alikuwa Mama Mdogo, anahema.

"Mwanangu, mwambie mama yako aniache! Nafanya usafi kwenye nyumba ya wazee, zamu inaanza saa kumi na mbili jioni ya huku. Amenisindikiza mpaka kwenye basi. Nikaona siwezi kumwacha arudi peke yake, nikamsindikiza mpaka nusu ya njia. Naye akageuka kunisindikiza tena. Tumekwenda na kurudi tangu saa tisa mchana, sasa ni kumi na moja, na basi limeniacha!"

Mama wa Bukavu alikuwa amesikia yote. Alikaa kwenye majani, akapiga makofi.

"Nipe Mama," nikasema.

Mama akapokea, sauti yake imejaa upepo. "Mwanangu, magoti hayajambo. Sasa kata simu. Basi lingine linakuja baada ya nusu saa, na mimi siwezi kumwacha mdogo wangu kituoni peke yake."