Kiini cha Yai na Senene wa Shangazi

Ilianza Jumamosi, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba. Nilimpa mdogo wangu kiini cha yai lililochemshwa mpaka likakauka, kiasi cha ukucha wa kidole changu cha mwisho, nimekiponda ndani ya ndizi. Halafu nikakaa naye mkekani, nikamtazama usoni saa mbili nzima kama paka anayevizia panya, nikingoja avimbe. Hakuvimba. Alinitemea ndizi kifuani, akacheka.

Huyu mdogo wangu ana mwaka mmoja na miezi minne, naye ni mtoto wa kiume wa kwanza baada ya wasichana watatu, kwa hiyo hapa nyumbani hata akipiga chafya watu hushangilia. Tatizo lake ni chakula. Alionjeshwa uji wa karanga kwa jirani, midomo ikamvimba. Akaonjeshwa dagaa, mwili ukamtoka mabaka. Sista wa kliniki mjini akasema tumwondolee karanga, dagaa, mayai na maziwa ya ng'ombe, tukae miezi miwili, kisha tumrudishie kimoja kimoja: asubuhi, akiwa mzima, kidogo kabisa, siku nne kwa kila chakula, na katikati ya hizo siku nne asionje kitu kingine kipya. Karanga tusizijaribu nyumbani. Hizo angejaribiwa palepale kliniki, mbele ya sista. Miezi miwili hiyo mtoto ameishi kwa ndizi, viazi na maharage, na mikono yake imekuwa kama mpini wa mwiko.

Kazi ya kumjaribu nilipewa mimi, kwa sababu mama yuko zamu ya asubuhi kiwandani, na baba ni baba. Baba yetu, kila Jumapili jioni, huwafundisha watu wazima somo la chakula bora pale ofisi ya tawi la chama. Huchora ubaoni yai, samaki na maharage. Anachora vizuri, sitamnyima haki yake. Ila mwanawe mwenyewe hajui amekula nini, na akimsikia analia husema, "Hebu mwangalieni huyo ndugu." Baba humwita kila mtu ndugu, isipokuwa mama. Huyo humwita "wewe."

Jumapili nikaongeza kiini kidogo, Jumatatu nikaongeza tena. Mtoto mzima kabisa. Na Jumatatu hiyohiyo akashuka na meli ya Bukoba shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, amepakata kopo la senene.

Kwetu Wahaya senene ni zaidi ya chakula. Ni panzi wa kijani wanaoshuka na mvua za msimu. Wananyonyolewa mabawa na miguu, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe mpaka wanakauka. Na kwa desturi ya zamani, mwanamke huwakamata, huwanyonyoa, huwakaanga, lakini hawali. Senene ni wa wanaume. Shangazi amepita miaka hamsini na hajatia hata mmoja mdomoni. Amevuka ziwa zima amekumbatia kitu asichokijua ladha yake, na hilo analionea fahari.

Nilipiga magoti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko shuleni mnakula vitabu?" Hakungoja jibu, akamnyanyua mdogo wangu juu. "Na huyu ndiye baba yangu? Huyu? Mbona kama kifaranga kilichonyeshewa!"

Mama akamweleza maagizo ya sista. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nikitikisa kichwa kukubaliana naye, kana kwamba kuna mtu ananiona.

"Siku nne kwa yai moja!" shangazi akacheka mpaka kitenge kikamlegea. "Wifi, mnalea mtoto au mnamtungia mtihani? Na yai lenyewe! Mtoto akila yai anachelewa kusema."

Mimi sikuwahi kupewa yai utotoni, na mpaka leo sisemi. Ningemjibu hivyo kama ningekuwa mtu wa kujibu.

Jumanne nikampa kiini kijiko kizima cha chai. Ilipofika saa nne alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria. Nikamwacha kwa shangazi, nikaenda bombani kufua nepi zake. Bomba letu la nyumba za wafanyakazi lina foleni kuliko duka la ushirika siku ya sukari, kwa hiyo nilirudi saa tano na nusu. Nilimkuta macho yamevimba yamefumba, midomo imepinduka nje, mabaka mwili mzima, kifua kinalia kama filimbi iliyopasuka. Shangazi anampigapiga mgongoni.

"Yai hilo! Nilisema mimi! Nilisema!"

Nilimfunga mgongoni nikakimbia naye zahanati ya kiwanda. Mganga akauliza, "Amekula nini?" Nikasema, "Yai." Ndilo neno pekee lililonitoka, na ndilo alilosikia mama alipoitwa kutoka kwenye mashine yake. Mtoto alichomwa sindano. Baada ya kama saa moja jicho moja likafunguka, likanitafuta. Sijawahi kuogopa hivyo, na sitaki tena.

Tuliporudi niliingia jikoni. Bakuli lake la bati lilikuwa chini, halijaoshwa, maana shangazi haoshi vyombo penye msichana. Ndani yake ndizi iliyopondwa, na katikati ya ndizi vichwa viwili vya senene vikinitazama.

"Shangazi," nikasema, na sauti hata mwenyewe sikuisikia. "Umempa senene?"

"Watatu tu. Tena wadogo. Mwanamume anaanzishwa mapema."

"Lakini sista alisema…"

"Sista ni Mhaya? Mhaya gani anadhuriwa na senene? Babu yako aliwala mpaka akazikwa nao tumboni!" Kisha akasogea, akanishika mkono. "Sikiliza. Ukimwambia baba yako, utakuwa umesema nini? Kwamba nimepanda meli kuja kumwua mtoto wa ndugu yangu? Unataka niitwe mchawi?"

Sikutaka. Akalichukua bakuli, akaliosha mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiosha kitu.

Jioni baba alipunguza redio, akatoa hukumu. "Kuanzia leo mtoto huyu asipewe yai katika nyumba hii." Yeye, mchoraji wa mayai! Shangazi akasema, "Umenena, kaka." Mama alikuwa ameuzungushia vidole viwili mkono wa mtoto na vidole vikakutana. Angesema nini mbele ya wifi yake? Na mimi niliyekuwa na la kusema nilikuwa nakuna ukoko wa sufuria kwa bidii ya ajabu.

Mambo yalikuwa wazi kama hesabu ya darasa la pili. Chakula pekee kilichompenda kimefukuzwa. Kilichotaka kumziba koo kimekaa kabatini kinangoja Krismasi, wageni wa baba waje, mmoja wao amdumbukizie bwana mdogo senene mdomoni na wote wapige makofi. Na zahanati siku hiyo itakuwa imefungwa. Nilimdharau baba, nilimdharau shangazi, lakini aliyekuwa akikuna ukoko nilimdharau kuliko wote.

Jumatano asubuhi ilikuwa siku ya kliniki. Baba aliamuru shangazi anisindikize, "kwa sababu wewe mbele za watu ni gogo." Saa tatu tulikuwa kwenye benchi, akina mama wamejaa mpaka barazani, na shangazi alikwisha kuwasimulia hadithi ya yai mara mbili.

Zamu yetu ikafika. "Haya, amekula nini?" sista akauliza.

"Yai, mwanangu," shangazi akajibu kwa sauti ya msibani. "Yai tu."

Sista akatikisa kichwa, akashika kalamu, akaanza kulifuta neno "mayai" kwenye kadi.

"Si yai," nikasema. "Yai amekula siku nne, hakudhurika. Ni senene."

Benchi zima likaangua kicheko. "Panzi?" mmoja akauliza. "Mtoto mchanga kapewa panzi?" Shangazi alinifinya pajani kwa nguvu, akatabasamu.

"Nani alimpa?" sista akauliza.

Kumnyooshea mkubwa kidole kwetu ni utovu wa adabu usio na msamaha. Nilimnyooshea shangazi yangu kidole mbele ya watu wote, na sikukishusha mpaka sista alipomaliza kuandika.